Leza ya plastiki ipo kweli, na rangi yake inapangwa na mistari

Wadau wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, kwenye Nane Nane pale John Mwakangale swali la leza halikosekani, na wengi wanaijua ile nyekundu ya kuchezea paka tu. Leo tuongelee leza ya oganiki, yaani kinachotoa mwanga sio jiwe gumu kama rubi aliyoitumia Maiman, aliyewasha leza ya kwanza mwaka 1960, ni plastiki maalumu au daizi (kemikali za rangi), molekuli za kaboni.

Leza ya kawaida ina vioo viwili, mwanga unarudi na kwenda mpaka unapata nguvu. Hapa vioo hakuna, kuna mistari inayofanya kazi hiyo ya kurudisha mwanga, tunaita greitingi. Si mnaona zile CD watu wanatundika shambani kufukuza ndege? Zile rangi rangi zinatokana na mistari iliyoachana mikrometa 1.6, yaani nanomita 1600. Ya kwetu imebanana zaidi, ukitaka mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 630 unaiachanisha kama nanomita 390 hivi, ukibadilisha nafasi na rangi inahama, ila haitoki nje ya rangi ambazo plastiki yenyewe inaweza kutoa.

Sasa utamu uko kwenye kuitengeneza. Unachanganya kimiminika kinachoweza kuganda kuwa plastiki na fuwele za kimiminika (zinatiririka ila molekuli zake zimejipanga), ndugu wa zile za skrini ya kalkuleta (wa kwanza kuzishtukia ni Reinitzer, mtaalamu wa mimea, 1888, kwenye kitu kilichotoka kwenye karoti, ndio karoti hizi hizi), unaweka katikati ya vioo viwili vyembamba vya kupitisha mwanga (sio vile vya kuurudisha) halafu unapiga miale miwili ya leza ikutane hapo, inatokea michirizi ya mwanga na giza, penye mwanga panaganda na kuzisukuma fuwele ziende gizani, basi mistari imejipanga yenyewe, hakuna aliyechonga.

Ukiweka umeme fuwele zinageuka, mwanga hauoni tena tofauti kati yake na plastiki, mistari kama imefutika na leza inafifia, ukitoa umeme inarudi. CD haiwezi hiyo!

Shida ni kwamba nyingi bado zinaamshwa, yaani zinapewa nguvu, na leza nyingine, na molekuli zinachoka haraka kwa mwanga na oksijeni. Ya kuwashwa moja kwa moja na umeme ilitangazwa 2019 na Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani. Kwahiyo mtu akikuuzia tochi ya leza ya plastiki pale Mwanjelwa, muulize kwanza ndani inaamshwa na nini, na usiichungulie kwa jicho.