Kabla hujatia balbu za LED kwenye taa za ukungu za pikapu yako

Ukitoka Kinangop saa tisa usiku na kabeji za kupeleka Marikiti, soko la Nairobi, ukungu hukupokea Flyover, hukusindikiza Kimende, na mara nyingi haukuachi mpaka uipite Limuru. Mwezi wa Julai ndio mbaya zaidi. Hapo ndipo mwenye pikapu anaapa kwamba akishateremsha mzigo atapitia Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, anunue balbu za LED na kuzitoa zile za halojeni. Fundi hamalizi nusu saa. Siku chache baadaye mwenye gari yuko kwenye karakana ya chuo cha ufundi ninakofundisha umeme wa magari: "Mwalimu, mbona kila gari linalokuja linanimulika, na mimi mwenyewe mbele naona ukuta mweupe tu?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara huanza kulijibu kwa kuchora umbo la mwanga ubaoni. Taa ya ukungu haikuundwa imulike mbali. Hukaa chini, kwenye bampa, ikatandaza mwanga mpana na bapa karibu na lami, na ukingo wa juu wa mwanga huo unatakiwa uwe umekatika kama uliopigiwa rula. Mwanga ukivuka ukingo huo hugonga matone ya maji yaliyo mbele ya macho yako, nayo yanakurudishia. Ndiyo maana ukiwasha taa kubwa ndani ya ukungu unajipofusha mwenyewe.

Sasa tazama balbu ya halojeni, tuseme ya aina ya H11 ya wati 55. Ndani yake mna uzi mwembamba wenye urefu wa milimita chache, unaotoa mwanga kuuzunguka mwili wake wote. Kiakisi, yaani kile kikombe kinachong'aa kilicho nyuma ya balbu kuurudisha mwanga mbele, kimepindwa kwa hesabu ya uzi huo, mahali pale pale ulipo. Balbu ya LED haina uzi. Ina vipande bapa vilivyobandikwa mgongo kwa mgongo, vikitupa mwanga ubavuni, na mara nyingi havikai pale hasa uzi ulipokuwa. Kosa la milimita moja hulioni kwa jicho, lakini kiakisi hulikuza hadi mwanga ukamwagika juu, kwenye macho ya wa boda boda anayekuja upande wa pili. Kama umeshazinunua na huna pesa ya kitu kingine, angalau hakikisha vipande hivyo vimeelekea kulia na kushoto, si juu na chini. Itapunguza ubaya, haitauondoa.

Maandishi ya kwenye boksi nayo yasikuchanganye. H11 ya halojeni hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,350 hivi. Nimeona balbu ya LED ya wati 25 ikinadiwa kwa lumeni 20,000, kiasi ambacho hakuna LED ya wati hizo inayoweza kukitoa.

Na rangi? Mafundi wengi watakuapia kwamba manjano hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa sana yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ufaransa ilishurutisha taa za mbele za manjano kuanzia 1936, sharti lililoondolewa 1993, na ukungu wa huko haukubadilika. Hata hivyo mimi huchagua manjano, au nyeupe isiyo kali, kwa sababu ule weupe wa kibuluu wa kelvini 6000 na zaidi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hunichosha macho. Halojeni iko kwenye kelvini 3200 hivi.

Ushauri wangu basi: usibadilishe balbu, badilisha taa nzima. Kuna taa za ukungu zilizoundwa kwa LED tangu mwanzo, kioo na kiakisi chake vikiwa vimepimwa kwa LED iliyo ndani. Kwenye kioo tafuta herufi E ndani ya duara, alama ya kuidhinishwa, na karibu yake herufi B au F3, alama za taa ya ukungu ya mbele. Ukikuta IP67, maana yake imepimwa kwa kuzamishwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, jambo la maana kwa kitu kinachopokea matope yote ya barabara. Usihofu kwamba imetengenezewa nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Taa kubwa za nchi hizo zingewapofusha wenzako huku kwetu, lakini ukingo wa taa ya ukungu ni bapa pande zote mbili.

Umeme wenyewe hauna shida kubwa. Halojeni mbili za wati 55 hula ampea 9 hivi, LED mbili za wati 20 hazifiki 4, kwa hiyo nyaya za kiwandani zinatosha na fyuzi inabaki ile ile. LED ina chanya na hasi, kwa hiyo isipowaka, geuza plagi kabla hujamgombeza muuzaji. Redio ikianza kukoroma ukiwasha taa, umeuziwa za bei ya chini. Na kama pikapu yako haikuja na taa za ukungu kabisa, usikubali fundi achomoe umeme kwenye waya wa taa nyingine. Dai rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme: mguu wa 30 utoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, 87 uende kwenye taa, 85 na 86 ziwe za swichi.

Kinachosahaulika ni kulenga. Egesha mahali tambarare, mita 7.5 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, kichore ukutani, kisha zungusha skrubu mpaka ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya mchoro. Kwa taa iliyo sentimita 60 kutoka chini, mwanga utagusa lami kwenye mita 45.

Hayo ni kwa gari tupu. Pikapu ya kabeji si gari tupu. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma mna mita 3 hivi. Springi za nyuma zikishuka sentimita 5 tu, pua inainuka na ukingo unapanda zaidi ya sentimita 12 pale ukutani. Zile sentimita 10 zako zimeliwa zote, na mwanga sasa unatazama juu. Yule wa Kinangop nilimwambia arudi kabla hajateremsha mzigo, tukalenga akiwa amejaza. Ikiwa tupu, taa zake sasa zinaishia kama mita 20 mbele, karibu mno kwa safari ya usiku. Yeye lakini hurudi nyumbani mchana.