Uradidi: neno likirudiwa, maana huelekea wapi?

Maelekezo ya dawa yakisema "wape watoto vidonge viwili", mzazi ana haki ya kuuliza: viwili kwa wote, au kwa kila mmoja? Yakisema "viwili viwili", swali limekwisha. Huo ni uradidi, yaani kurudia neno au sehemu yake ili kupata maana nyingine. Kwenye idadi, kazi yake ni kugawa.

Kwenye vitenzi mambo si mepesi hivyo. "Katakata nyama" hudai vipande vingi, lakini anayetembeatembea hatembei sana. Anazunguka tu, hana safari. Muundo ni uleule, maana moja inaongeza na nyingine inapunguza. Kwa hiyo anayeandika maelekezo ya kazi asiuachie uradidi mzigo wote: "kata vipande vya sentimita 2" haina ubishi.

Makosa mengi hutokea kwenye viambishi. Vile vya mwanzo, cha mtendwa kikiwemo, husemwa mara moja: "anamsumbuasumbua", si "anamsumbuamsumbua". Vya mwisho hurudiwa: "limevunjikavunjika", "amepigwapigwa". Hata irabu ya mwisho ikigeuka, hugeuka pande zote mbili, ndiyo maana tunasema "usiguseguse" na "hatembeitembei". "Usigusegusa" ni kosa. Vitenzi vya silabi moja vikibeba "ku", nayo hurudiwa: "anakulakula". Sifa hufuata njia nyingine, kwani hurudiwa pamoja na kiambishi chake cha ngeli: "mashimo makubwa makubwa".

Nomino ikiradidiwa, mara nyingi hubaki na ladha tu ya kile inachotaja. Wali majimaji haujawa uji, na kisima chenye maji ya chumvichumvi hakijafikia bahari.

Yapo maneno yaliyokwishaachana na nusu zake. "Mbalimbali" si mbali sana, na "polepole" haimpi mtu pole. Anayekataa katakata hajakata kitu. Mengine yanafanana na uradidi kwa sura tu: pilipili haina uhusiano na "pili", wala bisibisi ya fundi na bisi za mahindi. Yote haya huandikwa neno moja, kwa hiyo "vitabu mbali mbali" irekebishwe. Idadi za kugawa ziache nafasi: "mmoja mmoja", "watatu watatu".