Si kweli kwamba "asilimia 80 hawajali shida zako"

Ujumbe huu umezunguka miaka kwenye magrupu ya WhatsApp, na sisi wa Tanga tunautumiana kama wengine: "Utafiti umethibitisha: usimwambie mtu shida zako. Asilimia 80 hawajali, 20 wanafurahi kwamba unazo."

Hiyo si takwimu. Ni utani wa zamani wa Kiingereza uliovishwa koti la utafiti. Jiulize tu: waliulizwa akina nani, wapi, mwaka gani? Ujumbe hausemi.

Kilichowahi kupimwa kinaelekea kwingine. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Miami, Marekani. Watu walipiga hodi nyumba kwa nyumba, wakazungumza na wenyeji kama dakika 10, wakiwaomba wakumbuke walivyowahi kubezwa kwa kuwa tofauti. Chuki ya wenyeji hao dhidi ya kundi dogo la jamii ilipungua, na miezi 3 baadaye ilikuwa bado imepungua. Yaani hata mazungumzo mafupi na mtu usiyemjua yanaweza kukufanya uwajali wengine.

Mbona basi tunauamini ujumbe ule? Wengi tumeumizwa. Unamweleza mtu siri ya ndoa yako asubuhi, jioni unaikuta kwenye kahawa pale Ngamiani. Hiyo ni sababu ya kuchagua wa kumwambia, si ya kufunga mdomo. Halafu tunawasahau wale wengine: muuza samaki anasema mwanawe kalazwa, na kabla hajamaliza kupara magamba, wenzake wameshaanza kuchangishana nauli ya hospitali.

Ukiletewa tena, tafadhali usiusambaze. Mpigie aliyeutuma, umjulie hali. Huenda kuna aliyemvunja moyo.