Leza ya Kijani na Macho ya Rubani Anayetua KIA

Kazi yangu ni macho. Ninapima macho hapa Moshi, na kuhusu leza watu huniuliza jambo moja tu: inapofusha? Wazazi huuliza kwa ajili ya watoto wao, na wana haki. Ila mimi hofu yangu kubwa iko kwa watu wengine ambao hawatakuja kukaa kwenye kiti changu, nao ni marubani wawili wanaoshusha ndege usiku kuelekea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huku wakitafuta taa za njia ya kurukia katikati ya tambarare yenye giza.

Leza za kijani zimejaa siku hizi. Zinauzwa mtaani pamoja na tochi na chaja za simu. Waongoza watalii wanaonyeshea nyota kambini, vijana wanazichezea jioni. Wengi hawana nia mbaya kabisa. Mtu anaona taa za ndege zinapita, anaelekeza mwale aone kama utafika. Unafika.

Kinachowadanganya watu ni ule mstari wa kijani. Ukiwa umeishika leza, unaona mwale unapanda, kisha kama unakatika mahali fulani angani. Haukatiki. Unachokiona ni mwanga kidogo tu uliogonga vumbi na hewa ukarudi machoni pako, na kadiri mwale unavyokwenda mbali ndivyo kinachorudi kinavyopungua, mpaka jicho lako linashindwa kukiona. Mwale wenyewe unaendelea na safari.

Tena haubaki kitone. Leza ya kawaida ya mkononi hutanuka kwa kadiri ya milimita moja katika kila mita. Ikifika kilomita moja, duara lake lina upana wa mita moja; ikifika kilomita tatu, mita tatu. Kwa hiyo rubani haoni kitone kinachotembea kama wewe unavyokiona ukutani. Mwanga unakijaa kioo cha mbele, unatawanywa na mikwaruzo midogo na uchafu ulioganda juu yake, na kioo chote kinageuka pazia la kijani. Na kwa kuwa mkono wa mtu hautulii, mwanga unampiga, unamwacha, unampiga tena.

Chukua leza ndogo ya miliwati 5. Inaweza kudhuru jicho moja kwa moja hadi umbali wa mita 16 hivi. Mpaka mita 80 inaweza kumpofusha mtu kwa muda, yaani abaki na doa mbele ya macho hata baada ya mwanga kuondoka. Mpaka mita 350 inamzuia kuona kilicho nyuma ya mng'ao. Na mpaka kilomita 3.6 bado ina nguvu ya kumvuruga rubani na kumtoa kwenye kazi yake. Hizo ni hesabu za leza dhaifu. Za sokoni mara nyingi zina nguvu kuliko kilichoandikwa: taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipopima leza 122 za mkononi, matokeo iliyoyatangaza mwaka 2013 yalionyesha kuwa karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Kibandiko cha onyo kilichobandikwa ubavuni, kwa maoni yangu, usikitegemee hata kidogo.

Kwa nini kijani ni kibaya zaidi? Jicho la mchana huona vizuri kabisa mwanga wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 555 (urefu huo ndio unaoamua rangi), na jicho lililozoea giza huona vizuri mwanga wa nanomita 507. Leza ya kijani ina nanomita 532, katikati ya hizo mbili. Leza nyekundu ya nanomita 650 yenye nguvu ileile huonekana hafifu mara nane hivi. Isitoshe, gizani mboni hutanuka kutoka milimita 3 hadi 7 hivi, na mlango huo uliofunguka huingiza mwanga zaidi ya mara tano. Retina nayo, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Rubani wa usiku amefanya kazi hiyo yote, amepunguza taa za chumba chake ili aone nje. Macho yake yapo tayari kupokea mwanga mdogo kabisa, na hapo ndipo mtu anampiga leza.

Nisitie chumvi. Rubani wa ndege ya abiria kupata jeraha la kudumu la jicho kwa leza ya mtu aliye chini ni jambo la nadra sana. Hatari iko kwenye sekunde zenyewe. Ndege kubwa ikikaribia kutua huenda kama kilomita 260 kwa saa, karibu mita 72 kila sekunde. Katika sekunde kumi za kupepesa macho na kusubiri doa lipotee, imekwenda mita 700 na imeshuka mita 38. Hiyo ni ndege yenye watu mamia ndani, na ardhi iko pale pale.

Mashabiki wa mpira watakumbuka Machi 2022, Senegal na Misri zilipopigiana penalti karibu na Dakar. Uso wa Mohamed Salah wa Misri uligeuka kijani kwa leza za jukwaani. Alikosa penalti yake, na FIFA ikalipiga faini shirikisho la Senegal kwa makosa ya siku hiyo, leza zikiwemo. Sote tuliona lile si jambo la haki. Salah alikuwa amesimama, mpira umetulia, na kilichokuwa hatarini ni tiketi ya Kombe la Dunia; kwa rubani ni maisha ya watu.

Kwetu huku jambo hili lina sura yake. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo ndege hutua ikitokea upande wa Arusha au upande wa Moshi. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka mwanga wa leza udhibitiwe mpaka kilomita 18.5 kutoka uwanjani. Boma Ng'ombe imo ndani ya umbali huo, Kikatiti pia. Na nje ya taa za uwanja kuna mashamba na nyika tupu, kwa hiyo rubani hana taa nyingi za chini za kumsaidia kukadiria kimo chake.

Marekani peke yake iliripoti matukio 13,304 ya leza dhidi ya ndege mwaka 2023, na 12,840 mwaka 2024. Kosa hilo huko ni kifungo cha hadi miaka mitano. Uingereza nayo ilitunga sheria yenye kiwango hichohicho mwaka 2018. Februari 2016, ndege ya Virgin Atlantic iliyotoka London kwenda New York iligeuza njiani na kurudi Heathrow, kwa kuwa mmoja wa marubani alijisikia vibaya baada ya kupigwa leza muda mfupi tangu iruke.

Mwongoza watalii mmoja aliyekuja kupima macho aliniuliza, "Daktari, rubani si yuko juu, na mimi niko chini? Mwale utamfikaje machoni?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, ndege inayotua inakuja mbele yako, inashuka polepole. Rubani anaitazama ardhi ulipo wewe." Akanyamaza kidogo, akauliza atawaonyeshaje wageni kundi la nyota la Kilimia.

Swali lake ni la haki, kwa sababu nyota ni sehemu ya kazi yake. Tochi nzuri yenye mwale mwembamba inatosha: penye giza la kambi mstari wake unaonekana, na mwanga wake hutawanyika haraka kuliko wa leza. Leza asipewe mtoto wala mgeni aliyekunywa. Ukimwona mtu anaimulika ndege, mwite aache, na akiendelea toa taarifa polisi ukitaja mahali na saa. Anayelazimika kutumia leza aikague anga yote kwanza na asikilize, aiwashe sekunde chache tu, na ikionekana taa yoyote inayotembea, hata mbali, aizime na kuitia mfukoni mpaka ipite.