Kabla Hujampa Mtu Kazi, Wapigie Wadhamini Wake

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji aandike majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Kampuni nyingi binafsi nazo huyaomba. Kinachonisikitisha kama afisa rasilimali watu ni kwamba mara nyingi majina hayo huishia kwenye faili.

Cheti kina pa kuhakikiwa. Uhakiki wa 2017 uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ipo kwa vyeti vya sekondari. Lakini mwenendo wa mtu kazini anaujua aliyefanya naye kazi tu.

Siipigi kwanza namba ya mkononi iliyo kwenye wasifu, maana inaweza kuwa ya binamu wa mwombaji. Naitafuta mwenyewe simu ya ofisi aliyotoka, naomba kuunganishwa na mdhamini.

Ukimuuliza, "Ni mchapakazi?" atakujibu, "Sana." Hapo hujapata kitu. Uliza matukio. Kwa mtunza stoo, mimi huuliza: hesabu ilipopungua, alifanya nini? Alimwambia nani, na lini? Aliondokaje kazini? Halafu swali ninaloliamini kuliko yote: ungempokea tena? Akisita, nanyamaza nimsubiri. Maelezo ya maana mara nyingi huja hapo.

Wengine watakutajia cheo na tarehe tu, kwa sababu ndio utaratibu wa kampuni yao. Usimhukumu mwombaji kwa hilo. Tarehe utazipata pia kwenye cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi ajira inapokoma.

Linaloniuma zaidi ni waajiri wanaompigia bosi wa sasa wa mwombaji bila kumwambia mwenyewe. Mtu anaweza kukosa kazi mpya na kupoteza aliyonayo. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, kuomba ridhaa ni uungwana.

Na sifa mbaya usizimeze nzima. Bosi aliyefikishwa na mfanyakazi wake CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ni nadra kumsifia. Nikisikia neno zito, namtafuta mtu wa pili aliyeshuhudia, kisha namwita mwombaji nimsikilize kabla sijaandika lolote kwenye fomu yake.