Mkisema Tena "Alikuwa Mtu wa Zama Zake" Nitapiga Yowe

Jumamosi moja hivi karibuni nilikuwa Dar nasoma rasimu ya tafsiri yangu ya hadithi za H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyeandika hadithi za kutisha, mbele ya watu kama ishirini, feni moja na soda za moto. Nilipofunga makaratasi, kijana wa safu ya mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Nasikia huyu alikuwa mbaguzi wa kutupwa. Lakini si alikuwa mtu wa zama zake tu? Tumwache marehemu apumzike, sisi tufaidi mazimwi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu, kisha nikarudi nyumbani nikakosa usingizi. Kauli hiyo nimeisikia Nairobi, nimeisikia kwa wanafunzi, nimeisikia kwa mhariri aliyetaka dibaji yangu iwe fupi, na kila anayeisema huisema kana kwamba ndiye wa kwanza kuifikiria. Basi leo naiandikia, nipumue.

Kauli ile ina mambo mawili yamefungwa kamba moja. La kwanza ni la tarehe, nalo nitalimaliza upesi. La pili, la "tufaidi mazimwi", ndilo linalonikera hasa.

Tarehe. Naam, zama zile zilikuwa na wabaguzi tele. Mwaka 1924, Lovecraft alipohamia New York, ndio mwaka Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwabana wahamiaji, na wabunge walioipitisha hawakuwa wasomaji wa Weird Tales, jarida la hadithi za kutisha lililomchapisha. Lakini zama ni za watu wote waliomo. Mwaka 1915, kwenye duru yake mwenyewe ya waandishi wa ridhaa, Charles Isaacson alimsema hadharani kwa maoni yake kuhusu rangi za watu. Lovecraft akamjibu kwenye kijarida chake kwa makala inayowasifu Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi. James F. Morton, mtu wa Massachusetts aliyekuwa ameshachapisha kijitabu kizima dhidi ya ubaguzi wa rangi tangu 1906, akasimama upande wa Isaacson. Baadaye Morton akawa rafiki mkubwa wa Lovecraft, wakaandikiana barua miaka na miaka. Hao nao walikuwa watu wa zama zake. Walimwambia, akasikia, akakataa. Mkewe, Sonia Greene, Myahudi mzaliwa wa Ukraine, ameeleza alivyokuwa akimkumbusha yeye ni nani kila mumewe alipoanza kuwaporomoshea matusi Wayahudi wa New York. Jibu la bwana lilikuwa kwamba yeye sasa ni Bi. Lovecraft wa Providence, mji wa kwao bwana, kwa hiyo hahusiki. Mtu anayeweza kumwambia mkewe hivyo mezani hakukosa taarifa.

Sasa tuje kwenye mazimwi.

Dhana iliyopo ni kwamba ubaguzi wa Lovecraft ni kama taka juu ya maji: unaziengua, unakunywa. Uko kwenye barua, uko kwenye shairi la 1912 la kuwadhalilisha Weusi, ambalo jina lake siliandiki hapa, uko kwenye jina la paka wa "Panya Ukutani", na basi. Mimi nilidhani hivyo pia. Nilipoanza kutafsiri "Mwito wa Cthulhu" nilijaribu kwa mikono yangu. Nilichukua kalamu nyekundu nikasema, kila palipo na tusi la kabila nitalainisha, tuone kinachobaki.

Hadithi ikaanguka kama banda lililong'olewa nguzo. Hebu fuateni jinsi ilivyojengwa. Profesa mzee anafariki Providence; tunajuaje kwamba hakufa kifo cha kawaida? Kwa sababu kabla ya kuanguka alipigwa kikumbo na mtu mweusi mwenye sura ya baharia. Hiyo tu. Hakuna jeraha wala kisu. Polisi wa Louisiana wanavamia ibada kinamasini. Tunajuaje ibada ile ni ya uovu wa kale? Tunaelezwa kwamba waliokamatwa ni watu wa damu iliyochanganyika, mabaharia, wengi kutoka visiwa vya Karibi na Cape Verde. Meli inakutwa baharini. Mabaharia wake ni machotara na watu wa visiwa vya Pasifiki, na ingawa wao ndio wanaoanza kushambulia, kuuawa kwao kunaelezwa karibu kama wajibu, na msomaji asiulize kitu. Cthulhu mwenyewe, lile zimwi la baharini, analala karibu hadithi nzima. Anayetembea, anayegonga, anayebeba hofu kutoka ukurasa hadi ukurasa ni mtu mwenye ngozi isiyo ya Lovecraft. Ukimtoa huyo, unabaki na pweza mkubwa na makaratasi ya marehemu.

Na neno analowaitia! Kiingereza hulitumia kwa mbwa koko. Nilikaa na neno hilo siku mbili. "Chotara" ni laini mno, kwetu ni neno la kila siku, kuna watu wanalibeba bila taabu yoyote. "Mbwa koko" ni kali mno, mwandishi atafanana na mlevi wa stendi, ilhali yeye aliandika kwa sauti ya mtaalamu wa makumbusho. Nimeandika "watu wa damu koko", nikafuta, nikarudisha, nikafuta.

Kwa hiyo wale wanaosema chuki ilikuwa pembeni wamekosea. Lakini ngojeni, maana hapa ndipo upande wa pili nao huniudhi: wale wanaosema, "Basi, chuki ndiyo siri yake, alichukia akaandika vizuri." Hapana! Chuki tupu ilimfanya aandike vibaya. Ushahidi ni "Kitisho cha Red Hook". Ni Agosti 1925, anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga Mtaa wa Clinton, Brooklyn, mke yuko mbali kikazi, na Mei wezi walikuwa wameingia wakamkomba suti zake. Kazi hapati. Anakaa siku mbili anaandika hadithi ambayo kila mhamiaji wa Red Hook ni mchawi, Wakurdi wameparamiana na Wagiriki na mashetani ya Kibabeli, na lugha inatoa jasho. Ni takataka. Nimeitafsiri nusu nikaiacha. Si kwa hasira, kwa kuchoka. Hakuna hofu mle ndani, kuna karaha tu, na karaha haimtishi mtu mwingine. Afadhali Victor LaValle, Mmarekani mweusi, aliyeichukua hadithi hiyohiyo mwaka 2016 akaigeuza aitazame kwa macho ya kijana wa Harlem. Yeye alikuta kitisho ambacho mwenye mali hakukiona.

Lovecraft anatisha anapoacha kuwaogopa majirani na kuanza kujiogopa mwenyewe.

Baba yake alichanganyikiwa mwaka 1893, mtoto ana miaka miwili na ushei, akafungiwa Hospitali ya Butler, Providence, akafia humo 1898. Maelezo ya ugonjwa wake yanaelekea kwenye kaswende iliyofika ubongoni. Mama yake akaingizwa Butler hiyohiyo mwaka 1919, akafa 1921. Hospitali moja, wazazi wote wawili. Hebu fikirieni kijana anayejisifia damu safi ya Kiingereza, anayehesabu mababu kama mtu anayehesabu ng'ombe, huku akijua damu hiyohiyo imewapeleka wazazi wake nyuma ya ukuta ule.

Hadithi ya "Arthur Jermyn" ni ya 1920, mama yuko wodini. Mwungwana wa Kiingereza anachunguza asili ya ukoo wake, uchunguzi unampeleka Kongo, na mwishowe analetewa sanduku lenye maiti iliyokaushwa ya sokwe mweupe aliyeabudiwa kama mungu. Shingoni pana kidani chenye nembo ya ukoo wa Jermyn. Ni bibi yake wa vizazi vya nyuma, mama wa ukoo. Arthur anajimwagia mafuta na kujichoma moto.

Hii nimeitafsiri yote, na imelala kwenye droo. Nitaichapishaje? Kiswahili kinasomwa Kisangani na Lubumbashi. Kongo ya Lovecraft ina makabila ya kubuni, na ina sokwe wanaoolewa na Wazungu. Aliiandika miaka 12 tu baada ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kunyang'anywa nchi ile, baada ya watu kulazimishwa kugema mpira na mikono kukatwa, mambo yaliyokuwa yameandikwa magazetini kwa miaka. Mbelgiji yumo kwenye hadithi: ni wakala mkarimu anayepakia sanduku. Mwandishi wa kutisha anafika kwa kalamu Kongo ya wakati ule, anatazama huku na huku, anachokiona cha kutisha ni bibi.

Sasa ruka miaka 11. Mwaka 1931 anaandika "Kivuli Juu ya Innsmouth". Kijana anafika mji wa bandari uliochakaa huko Massachusetts. Wakazi wana macho yaliyotokeza yasiyopepesa, kwa kuwa nahodha mmoja zamani alileta kutoka visiwa vya Pasifiki mapatano na viumbe wa baharini, wakaoana nao. Kijana anatoroka kwa taabu, anaishtaki Innsmouth serikalini, kisha anagundua kwamba mama wa bibi yake alitoka kulekule. Anajitazama kwenye kioo. Macho yameanza.

Hapa lazima nitoe kisa cha pembeni. Viumbe wale nilianza kuwaita "Wakilindini", kwa kuwa wanakaa kilindini, na nikajiona fundi. Nikampelekea rasimu mzee mmoja wa Mombasa anayenisahihishia lugha. Akanipigia simu usiku. "Mwanangu, hawa si mazimwi. Hawa ni wajomba zangu!" Kweli, Wakilindini ni miongoni mwa Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa, na mimi nimewaotesha mapezi. Nimebadilisha, sasa ni "Wa Vilindini". Lakini mzee hakuishia hapo. Aliniuliza kitisho chenyewe kiko wapi. Nahodha kasafiri na upepo, kaoa ng'ambo, watoto wamechukua sura ya mama, mji una dini mbili na dhahabu isiyojulikana ilikotoka. "Hiyo si ni Lamu?" Nilicheka hadi machozi. Hofu nzima ya hadithi imesimama juu ya dhana kwamba mji wa pwani wenye damu mbili ni mji uliooza, na msomaji wa pwani yetu hana dhana hiyo. Inabidi tafsiri imkopeshe hofu ambayo hakuzaliwa nayo.

Lakini mwisho! Kijana ananunua bastola, kama Arthur alivyoendea mafuta. Ndoto zinamzuia. Polepole anaacha kuogopa. Ana binamu aliyefungiwa hospitali ya vichaa huko Canton, na anapanga kwenda kumtoa, waende pamoja baharini. Someni tena hapo. Mtu ambaye wazazi wake wote wawili walifia kwenye hospitali ya vichaa anamaliza hadithi yake bora kwa kumtoa ndugu hospitalini.

Je, najidanganya? Huenda. Kuna wanaosoma mwisho ule kama kitisho cha mwisho kabisa: hata akili imeshachukuliwa. Na sijaona barua hata moja ambamo anataja kaswende ya baba. Yeye alisema ni kupooza kulikoletwa na ubongo kuchoshwa na masomo na kazi. Ukishika ufunguo wa wazazi unaweza kufungulia kila mlango, hata usio na kufuli. "Rangi Kutoka Angani", ambayo mwenyewe aliipenda kuliko zote, haina kabila wala ukoo wenye siri, ina kimondo, kisima na shamba linalokufa, na inanitisha kuliko Innsmouth. "Hewa Baridi" ni mtu aliyekuwa akizimia kwa baridi anaandika kuhusu baridi. Samaki hakuwahi kuwapenda hata sahanini. Na katika "Milima ya Wazimu", pia 1931, msimulizi anawatazama viumbe wenye mabawa na vichwa vya nyota, nusu mimea, anapaza sauti: walikuwa watu! Anawahurumia kwa sababu walikuwa wanasayansi. Watumwa wao, wale mashogothi walioasi, hawakupata huruma hiyo. Mtu anaweza kuukumbatia mmea kutoka sayari nyingine na bado asimwone mpagazi. Hili sijui niliweke wapi kwenye nadharia yangu, kwa hiyo nimeliacha hapa katikati ya aya.

Kuhusu tuzo nitasema kidogo. Hadi 2015 mshindi wa Tuzo ya World Fantasy alipewa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani wa asili ya Nigeria, aliipata 2011, akaandika wazi jinsi anavyojisikia kuwa na kichwa hicho nyumbani baada ya kusoma lile shairi la 1912. Sanamu ikabadilishwa. S. T. Joshi, mwandishi mkuu wa maisha ya Lovecraft, mzaliwa wa India, akazirudisha tuzo zake kwa kupinga. Ukitaka kuona jinsi mambo haya yasivyofuata rangi ya mtu, anza hapo.

Nirudi Innsmouth nimalize, maana kazi yenyewe bado iko mezani. Sentensi ya mwisho ya Kiingereza ina mwangwi wa Zaburi ya 23, na kwa bahati Biblia ya Kiswahili inanipa mdundo bure: "Nami nitakaa nyumbani mwa Bwana milele." Kwa hiyo nimeandika kwamba ndani ya makao ya Wa Vilindini tutakaa kwa ajabu na utukufu, milele. Mzee wangu si msomaji wa Zaburi, lakini aliisoma sentensi hiyo mara mbili kwenye simu, kwa sauti, akanyamaza.

"Na yule binamu," akaniuliza, "alimtoa kweli?"

Nikamwambia hadithi inaishia hapo, hatuambiwi.

"Ah. Basi tafuta kurasa zilizobaki, mwanangu. Haiwezi kuishia hapo."