Je, wajua? Nintendo ilianza na karata

Ukitaja Nintendo leo, wengi humkumbuka Mario, shujaa wa gemu zake za video. Lakini kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1889 mjini Kyoto, Japani, na Fusajiro Yamauchi, na biashara yake ilikuwa kutengeneza karata. Si hizi zetu za kopa na shupaza, bali hanafuda: karata 48 zenye picha za maua na mimea ya miezi 12, bila namba hata moja.

Ilifikaje kwenye gemu za video? Haikuwa safari iliyopangwa. Miaka ya 1960 soko la karata lilidorora, na Hiroshi Yamauchi, kitukuu wa mwanzilishi, akahangaika huku na huko. Alijaribu teksi, akajaribu wali wa kupika chapuchapu. Havikulipa.

Mlango ulifunguliwa na fundi wa kiwandani. Gunpei Yokoi aliajiriwa mwaka 1965 kuzitunza mashine za karata. Alipokosa kazi ya kufanya alijitengenezea mkono wa kuchezea: ukibana vishikio, vipande vilivyounganishwa vinafunguka na mkono unarefuka hadi kudaka kitu cha mbali. Bosi aliuona, na badala ya kumkaripia akaagiza utengenezwe uuzwe. Mwaka 1966 ukaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, ukauzika zaidi ya milioni moja. Tangu hapo Nintendo ikazama kwenye vichezeo, kisha vichezeo vya umeme. Yokoi huyohuyo ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya kuunda Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Kwangu mimi, yeye ndiye aliyeigeuza kampuni hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Wenzao wengi, kampuni nyingine za gemu za Japani, walipitia njia ya sarafu, yaani mashine zinazofanya kazi ukitumbukiza sarafu. Konami ilianza mwaka 1969 kwa kukodisha na kukarabati mashine za kupigia muziki. Taito, ya mwaka 1953, iliuza vodka na mashine za kuuzia bidhaa. Mwanzilishi wa Namco, Masaya Nakamura, alianza mwaka 1955 na farasi wawili wa kubembea kwa watoto, juu ya paa la duka kubwa huko Yokohama.

Watu hawa tayari walikuwa na mafundi, walijuana na wenye maduka na kumbi, na walizoea kukusanya sarafu. Gemu ilipokuja ilikuwa mashine nyingine tu ya kuweka palepale. Ndiyo maana Taito iliweza kuisambaza gemu yake ya Space Invaders kwa kasi Japani nzima mwaka 1978, na miaka miwili baadaye Namco ikaleta Pac-Man.